Kutafuta nasaba na ndugu mliopotezana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kisumu, Nakuru na Magharibi

Maswali haya ni ya watu wa kwetu: mwalimu wa Vihiga anayetaka kujua babu yake alizikwa wapi, kijana wa Kaptembwa mjini Nakuru asiyejua ukoo wake, mama wa Nyalenda ambaye dada ya nyanya yake aliolewa ng'ambo ya mpaka na habari zikakatika. Majibu yanahusu Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu na Wakalenjin wa eneo hili, kwa kuwa katika familia nyingi makabila hayo yameshaingiliana.

Nianzie wapi?

Anza na walio hai, na katika walio hai anza na wanawake walioolewa mbali.

Wengi hukimbilia mzee wa ukoo, yule anayetaja majina ya mababu mfululizo bila kupumua. Msikilize, ana hazina. Lakini orodha yake kwa kawaida ni ya wanaume watupu: fulani alimzaa fulani, naye akamzaa fulani. Mabinti hawamo. Na ndugu mliopotezana nao, mara nyingi, ni wajukuu wa hao mabinti wasiotajwa. Ukifuata orodha ya mzee peke yake utapata mstari mmoja mrefu, na watu wako wengi watabaki nje yake.

Shangazi aliyetoka Seme akaolewa Gem, au aliyetoka Bunyore akaolewa Tiriki, amehudhuria matanga ya pande zote mbili maisha yake yote. Anajua mahari ya nani ililipwa na nani, mtoto yupi alilelewa kwa wajomba, na ni dada gani aliyeondoka na mfanyakazi wa reli kwenda Jinja. Kama yu hai na ana miaka zaidi ya themanini, mtembelee mwezi huu. Karatasi za serikali zitakungoja.

Nimuulize nini, na kwa njia gani?

Usimwambie “nieleze historia ya ukoo wetu.” Swali kubwa hivyo humfanya mtu atoe hotuba, na hotuba ameshaizoea. Muulize juu ya boma. Nyumba ya mke wa kwanza ilikuwa wapi? Ya pili je? Nani alijenga karibu na lango? Kisima kilikuwa cha nani? Nani alilala jikoni na nyanya?

Nilimwona bibi mmoja wa Seme akiulizwa hivyo. Aliokota kijiti, akachora boma la baba yake kwenye vumbi la uani, lango likitazama ziwa, kisha akaweka kokoto kwa kila nyumba. Alipofika kokoto ya nne akanyamaza, akasema hapo aliishi mke aliyerudi kwao baada ya watoto wake wawili kufa kwa surua, na mtoto wa tatu aliondoka naye mgongoni. Wajukuu waliokuwa wamekaa pale hawakuwahi kusikia habari za huyo mtoto. Alikuwa ndugu kamili wa babu yao.

Kwa kila jina linalotajwa, uliza mambo matatu: mama yake ni nani, alioa au kuolewa wapi, na alizikwa wapi. Swali la kaburi linafaa sana kwetu, kwa sababu watu huzikwa nyumbani kwao, na asiyezikwa nyumbani ana kisa ambacho mtu fulani anakijua.

Nenda asubuhi, kabla ya uchovu. Beba sukari, majani ya chai na mkate. Usiingie mikono mitupu kwa mzee. Omba ruhusa kabla ya kuwasha simu kurekodi, na umweleze utafanya nini na sauti hiyo. Ziara mbili fupi huzaa kuliko moja ndefu, kwa sababu usiku ulio kati ya ziara hizo kumbukumbu huendelea kuamka. Wazee wawili wakipingana, andika maneno ya wote wawili na majina yao. Usimsahihishe mzee mbele ya watoto wake.

Babu hakujua mwaka aliozaliwa. Nitajuaje?

Tafuta tukio. Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa 1914 hadi 1918, na wanaume wengi wa Nyanza na Magharibi walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Tetemeko kubwa la Subukia lilitikisa Nakuru na majirani wake Januari 1928. Nzige walivamia mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mafuriko yaliyopandisha ziwa yalikuja 1961. Tom Mboya aliuawa tarehe 5 Julai 1969. Jaribio la mapinduzi lilikuwa tarehe 1 Agosti 1982. Mwulize mzee: wakati wa tukio hilo ulikuwa unachunga mbuzi, umeshaoa, au bado unabebwa? Utapata makadirio ya miaka michache huku na huku, na hayo yanatosha.

Kwa Wabukusu, yaani Waluhya wa Bungoma, kuna kalenda bora zaidi: rika la tohara. Vijana hutahiriwa mwezi wa Agosti katika miaka inayogawika kwa mbili, na marika manane hufuatana kwa mzunguko wa karibu miaka mia moja: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Mzee akisema baba yake alikuwa Kinyikeu, basi alitahiriwa kati ya katikati ya miaka ya 1930 na katikati ya miaka ya 1940. Wakalenjin nao wana marika, na baadhi ya majina yanafanana kabisa na ya Wabukusu, lakini miaka yake hailingani. Maina wa Bungoma si Maina wa Kericho, kwa hiyo usihamishe hesabu.

Mbona ndugu wa baba mmoja wana majina tofauti kabisa?

Kwa sababu jina la mwisho la kurithishwa ni jambo geni kwetu. Kwa Wajaluo jina hueleza saa au hali ya kuzaliwa: Otieno usiku, Omondi alfajiri, Ochieng mchana jua likiwaka, Okoth wakati wa mvua, Opiyo na Odongo ni mapacha, na Okello ni anayewafuata. Juu ya hilo kuna jina la ndugu aliyefariki aliyekuja ndotoni. Kwa hiyo kina Otieno wawili wa Ahero huenda hawana uhusiano wowote, na Otieno na Okoth wakawa tumbo moja. Kwa Waluhya wa Bungoma, Wafula ni wa mvua, Wekesa wa mavuno, Simiyu wa kiangazi. Na majina ya mababu hurudi kwa wajukuu.

Kwa Wakikuyu wa Nakuru mpangilio wa majina ni msaada mkubwa. Mwana wa kwanza huitwa kwa babu wa upande wa baba, wa pili kwa babu wa upande wa mama. Mabinti vivyo hivyo kwa nyanya zao. Ukipata majina ya watoto wa nyumba moja kwa mfuatano wa kuzaliwa, unaweza kukisia majina ya wazazi wa pande zote mbili hata kama hakuna anayewakumbuka. Ni makisio, si ushahidi, ila yamewafungulia wengi njia.

Halafu kuna tahajia. Karani wa zamani aliandika alivyosikia. Odhiambo utamkuta kama Odiambo, herufi R na L hubadilishana, na viambishi vya Kiluhya huongezwa au kukatwa. Unapotafuta kwenye rejista, sema jina kwa sauti kwa namna zote zinazowezekana, kisha tafuta zote.

Nyumbani kuna karatasi gani za kutafuta?

Sanduku la bati chini ya kitanda cha nyanya lina thamani kuliko watu wanavyodhani. Tafuta kipande cha babu. Mfumo wa kipande ulianza kutumika baada ya Vita vya Kwanza kwa wanaume wa Kiafrika waliofikisha miaka 16, na ulimlazimu mtu kukibeba shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Kilikuwa chombo cha kumdhibiti mfanyakazi, na wazee walikichukia kwa haki. Lakini kilichosalia kinaonyesha jina, wilaya, alama za vidole, na waajiri mmoja baada ya mwingine, hivyo utajua alifanya kazi Njoro au Molo na katika miaka gani.

Risiti za kodi, kadi ya ubatizo, cheti cha ndoa, kadi ya kliniki, barua kutoka Kampala, kitambulisho cha kizazi cha kwanza, picha zilizoandikwa nyuma: piga picha zote, pande zote mbili. Usisahau programu za mazishi. Wasifu wa marehemu uliochapishwa siku hiyo hutaja ndugu, wake, watoto, wakwe na mara nyingine babu wa tatu. Matangazo ya vifo magazetini hufanya vivyo hivyo. Vyeti vya kuzaliwa na kufa visikupe matumaini makubwa kwa watu wa zamani, kwa sababu usajili wa lazima ulienea nchini kote mwanzoni tu mwa miaka ya 1970.

Rejista za kanisa zinasaidia kweli?

Zinasaidia sana, hasa za Wakatoliki. Wamisionari waliingia eneo hili mapema: Marafiki, yaani Wakweka, walianza Kaimosi 1902, Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walikuwa Mumias 1904, Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society) walianzisha shule ya Maseno 1906, mwaka ambao Waadventista nao walianza Gendia karibu na Kendu Bay. Kwa familia nyingi, maandishi ya kwanza kabisa yanayomtaja babu ni mstari mmoja katika kitabu cha ubatizo.

Ukurasa wa kitabu cha parokia una safu: namba, tarehe ya ubatizo, jina, umri wa kukisia, baba, mama, kijiji, msimamizi wa ubatizo, padri. Majina ya kikristo yanaweza kuwa katika Kilatini, basi Yohana ni Joannes na Paulo ni Paulus. Tazama ukingo wa ukurasa: hapo padri huandika ndoa iliyofungwa baadaye, na parokia ilikofungwa. Maneno hayo machache ya pembeni yanaweza kukuonyesha kwamba mtu aliyebatizwa Yala alioa Nakuru. Na usimruke msimamizi wa ubatizo, kwa kuwa mara nyingi alikuwa ndugu au jirani wa karibu.

Usifike Jumapili ukitarajia kuhudumiwa. Nenda siku ya kazi, mwone karani wa parokia, beba barua fupi inayoeleza unamtafuta nani na uhusiano wenu, na toa sadaka ya shukrani. Parokia zimegawanyika mara nyingi. Kama kanisa la kijijini lilijengwa miaka ya 1960, vitabu vya kabla ya hapo viko parokia mama. Kwa makanisa ya Waanglikana, baadhi ya barua na ripoti za wamisionari wa CMS zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, ingawa humo utapata zaidi habari za mahali kuliko majina ya waumini.

Makavazi ya Taifa yana nini?

Makao makuu ni lile jengo la Moi Avenue, Nairobi, karibu na hoteli ya Ambassadeur, ambalo watu wengi hulitumia tu kama mahali pa kukutania. Huku kwetu kuna vituo vya kumbukumbu Kisumu, Kakamega na Nakuru. Utakuta ripoti za mwaka za wilaya, barua za machifu, mafaili ya kazi na mashauri ya zamani. Usitarajie faili lenye jina la babu yako juu yake. Tafuta kwa jina la lokesheni na la chifu wa wakati huo, kisha soma polepole.

Mashauri ya ardhi yananivutia kuliko yote, kwa sababu mshtaki alitakiwa kueleza babu yake alifikaje pale, na karani aliandika. Kumbuka tu kwamba aliyesema hivyo alitaka kushinda kesi. Nasaba iliyosimuliwa barazani ili kupata shamba huwaruka watu fulani kwa makusudi.

Kuhusu wabeba mizigo wa Vita vya Kwanza, wale waliotupa jina la Kariokor, uwe tayari kwa huzuni. Tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina majina ya askari wengi wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni), lakini maelfu kwa maelfu ya wabebaji hawakuandikwa majina; tume yenyewe ilikiri jambo hilo katika ripoti ya 2021. Kama familia yenu inamkumbuka mmoja aliyekwenda asirudi, andikeni jina lake, kwa sababu pengine hakuna mwingine aliyeliandika.

Ofisi ya ardhi na mahakama?

Usajili wa mashamba chini ya sheria ya 1968 uliacha orodha za wenye ardhi kwa kila eneo. Ukiwa na namba ya shamba unaweza kufanya sachi, yaani kuomba rejista ipekuliwe, katika ofisi ya ardhi ya kaunti na kuona nani aliandikishwa kwanza na nani akafuata. Majirani wa mpaka mara nyingi ni ndugu wa babu mmoja, basi soma na namba zilizo kando.

Mafaili ya mirathi ni bora zaidi. Sheria ya urithi iliyoanza kutumika Julai 1981 inawataka waombaji wataje wajane na watoto wote, wakiwemo mabinti, nyumba kwa nyumba pale marehemu alipokuwa na wake wengi. Kuna na barua ya chifu inayothibitisha orodha hiyo. Taarifa za mirathi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo matoleo yake mengi ya zamani yanasomeka bure kwenye intaneti. Tafuta jina la marehemu pamoja na jina la kijiji.

Tahadhari moja: ukianza kuuliza habari za shamba, watu watadhani umekuja kudai fungu. Sema mapema, mbele ya mashahidi, kwamba unatafuta watu. Na kama kweli una dai la ardhi, lipeleke kwa njia yake, usilifiche ndani ya habari za nasaba.

Wazee wetu walikuwa vibarua Nakuru. Asili yetu tutaijuaje?

Swali hili ni la maelfu ya familia. Mashamba ya walowezi ya Njoro, Molo, Subukia, Solai na Rongai yalijaa wafanyakazi waliohamia na wake na mifugo, wengine wakazaa vizazi viwili hapo bila haki ya kumiliki hata robo eka. Watu wa Olenguruone walifukuzwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, familia nyingi za Wakikuyu ziliondolewa Bonde la Ufa kwa malori na kurudishwa Kiambu, Murang'a na Nyeri, mahali ambapo watoto hawakuwahi kupaona. Baadaye wengi walirudi kupitia kampuni za kununua mashamba. Halafu zikaja ghasia za 1992, za 1997 na za 2007 na 2008, na watu wakatawanyika tena.

Kwa hiyo uliza safari kabla ya kuuliza nasaba. Mlolongo wa mashamba, kambi na vijiji ndio utakaokupeleka kwa watu. Uliza jina la utani la mlowezi, kwani wafanyakazi walimpa kila mmoja jina lake na shamba likaitwa hivyo hadi leo. Tafuta mliosoma nao au walioshiriki hisa na wazazi wenu katika kampuni ya ardhi. Rejista ya wanahisa ni orodha ya majirani wa zamani. Kwa Mkikuyu, jina la mbari (tawi la ukoo) na la ukoo huelekeza kwenye kilima fulani upande wa Mlima Kenya, na huko mara nyingi bado kuna mtu anayejua nani aliondoka kwenda “Ruguru,” yaani huku Bonde la Ufa.

Kwa waliopotezana katika ghasia, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina huduma ya kuunganisha familia, bila malipo. Ulizia hata kama ni miaka mingi imepita.

Tuna ndugu Uganda na Tanzania. Tutawafikiaje?

Mpaka uliwakuta watu wakiwa tayari ni ndugu: Wasamia na Wateso pande zote za Busia na Malaba, Wabukusu na jamaa zao wa Mlima Elgon, Wajaluo wa Migori na wa Rorya. Reli na meli za ziwani zikawasambaza zaidi hadi Kampala, Jinja, Mwanza na Musoma. Wamaragoli wengine walihamia Kigumba, Uganda, na wangali huko wakisema Kilogoli.

Ukijua mwaka ambao barua zilikoma utaelewa mengi. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwaondoa wafanyakazi wengi Wakenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania ukafungwa hadi 1983. Kwa nyumba nyingi, ndugu “aliyetutupa” alikwama tu ng'ambo. Anza na kanisa alilosali na kituo cha reli alichofanyia kazi, kisha radio za lugha za mama, ambazo husikika mbali ng'ambo ya mpaka.

Nimeambiwa kimyakimya kwamba sisi si wa ukoo huu. Ni aibu?

Hapana. Watu walihama kwa njaa, ugomvi, ndoa au maradhi, wakapokewa na ukoo mwingine, wakapewa pa kulima. Wajaluo huwaita jodak, Waluhya wengi abamenya. Baada ya vizazi vitatu wajukuu huapa kwa jina la wenyeji wao. Hata familia mashuhuri zimehamahama: Hussein Onyango, babu yake Barack Obama, aliishi Kanyadhiang upande wa Kendu Bay kabla ya kuhamia Kogelo, Siaya.

Lakini neno hilo bado linaumiza, hasa wakati wa uchaguzi na wa kesi za ardhi. Usilitamke hadharani kwenye matanga. Uliza kando. Na ujue kwamba kupokewa ni sehemu ya nasaba yenu sawa na kuzaliwa; liandike kwa heshima, pamoja na jina la aliyewapokea.

Vipimo vya DNA vinafaa?

Vinafaa kwa kazi moja: kukuonyesha watu walio hai mnaoshiriki damu, iwapo nao wamepima. Kwa kuwa Waafrika Mashariki waliopima ni wachache, usitegemee zile asilimia za “asili” kukutajia ukoo. Kwa familia zenye watoto ng'ambo, au mtu aliyelelewa nje bila kumjua baba, kipimo kinaweza kujibu swali ambalo hakuna mzee atakayelijibu.

Soma namba kwa hadhari. Mabinamu wa kwanza hushiriki wastani wa sentimogani (kipimo cha DNA mnayoshiriki) 850 hivi, wa pili karibu 230. Hesabu hizo hudhani babu na nyanya mmoja. Kwetu babu mmoja alikuwa na wake watatu, basi mabinamu wengi ni wa nusu na hushiriki karibu nusu ya kiasi hicho. Programu itamwita binamu wa mbali wakati mlizaliwa boma moja.

Na kabla ya kutema mate kwenye kichupa, fikiri juu ya wasioulizwa. Kampuni ya vipimo vya DNA ya 23andMe iliomba ulinzi wa kufilisika Machi 2025, na wateja wake wakabaki na wasiwasi kuhusu taarifa zao. Damu yako ni ya ndugu zako pia.

Nikigundua mtoto wa nje, au baba ambaye si baba?

Kwanza tofautisha damu na nasaba. Mjane aliyerithiwa na shemeji yake alizaa watoto kwa jina la marehemu, na kila mtu alijua. Kwa Wakisii, Wakuria na Wanandi, mwanamke asiye na mwana aliweza kuoa mwanamke mwenzake, na watoto wakawa wa nyumba yake. Hao hawakudanganya mtu. Kwenye chati yako weka mistari miwili, mmoja wa nyumba na mmoja wa damu, na usiufute wowote.

Kama ni siri ya kweli, ya mtu aliye hai, habari hiyo ni yake kwanza. Zungumza naye peke yake, ana kwa ana, wala si kwenye grupu la WhatsApp la familia. Akisema nyamaza, nyamaza.

Mtandaoni nijihadhari na nini?

Na “binamu” anayejua jina la babu yako kutoka kwenye tangazo la kifo na ambaye baada ya siku mbili anahitaji mchango wa hospitali. Mwambie akutajie mama wa babu na kwao alikotoka alipoolewa; tapeli hawezi. Mpigie simu ya video akiwa na mzee mnayemfahamu wote. Usichapishe namba za vitambulisho wala tarehe za kuzaliwa za walio hai. Tovuti ya FamilySearch ni ya bure na inafaa kupanga mti wa familia, lakini humo mtu mwingine anaweza kubadilisha ulichoandika juu ya marehemu, basi weka nakala yako.

Nimewapata. Nifikeje mara ya kwanza?

Usiende kwenye mazishi kama mgeni asiyejulikana ukitangaza undugu kaburini. Matanga ni mahali pazuri pa kusikiliza na kuchukua namba za simu. Utambulisho una siku yake. Tuma mtu mbele, kwa kawaida shangazi au mkwe anayejulikana pande zote. Nenda na mzee mmoja wa upande wako, ili wazee waongee na wazee. Beba chakula, si bahasha peke yake. Ukiulizwa “wewe ni nani?”, jibu kwa kuanzia kwa yule wanayemjua: “Mimi ni mjukuu wa yule dada yenu aliyeolewa Butere.” Jina lako lije mwisho.

Uliza makaburi yako wapi, na uombe kuonyeshwa. Na kabla ya kijana wa nyumba yenu kuchumbia upande huo, chati iangaliwe, kwa maana huenda ikawa ndugu hao hamruhusiwi kuoana.

Wakikataa kunipokea?

Hutokea. Pengine kuna deni la mahari, kiapo cha wazee, au hofu ya shamba. Usibishane mlangoni. Mwachie mmoja wao namba yako, tuma pole wakifiwa na pongezi wakiozesha, na jaribu kupitia kwa wanawake wa nyumba hiyo, ambao mara nyingi wanajua chanzo cha ugomvi na nani aliye tayari kuumaliza.

Nihifadhi vipi niliyopata?

Daftari gumu, kwa kalamu, pamoja na nakala kwenye simu na kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Kwa kila jina andika nani alikwambia na lini. Sauti za wazee zipe majina yanayoeleweka: mzee nani, kijiji gani, mwaka gani, si namba ambazo simu hujiwekea yenyewe. Kila Desemba watu wakija nyumbani, fungua karatasi kubwa mezani baada ya chakula, weka kalamu juu yake, na uwaache shangazi wasahihishe.